Bukini: Jirani mkubwa wa baharini ambaye wengi humjua kwa jina tu

MASHABIKI wa soka wa Thika na Ruiru hawana haja ya kuhadithiwa habari za timu ya Madagaska. Mnamo Agosti 22, 2025, katika uwanja wa Kasarani ulio karibu na barabara kuu ya Thika, timu hiyo iliibandua Harambee Stars katika robo-fainali ya kipute cha CHAN kwa mikwaju ya penalti 4-3, baada ya sare ya 1-1. Siku nane baadaye ilirejea uwanjani humo kucheza fainali, ikalazwa na Morocco 3-2.

Nje ya uwanja, hata hivyo, taifa hilo limebaki kama jirani anayepita njiani bila kusalimiwa. Wakenya wengi hulijua kutokana na ramani ya shule ya msingi, kile kipande kirefu cha ardhi kilichosimama peke yake upande wa kulia wa Msumbiji. Wachache wanafahamu kuwa wazee wa pwani yetu walikuwa na jina lao wenyewe la kisiwa hicho, Bukini, na kwamba uhusiano wa pande hizi mbili ni wa zaidi ya miaka elfu moja.

Ajabu zaidi ni kwamba baadhi ya mambo yanayohusiana na kisiwa hicho yapo karibu mno na wakazi wa Thika, Juja na Ruiru: katika maua ya uani, katika wali wa mezani, na katika suala la mustakabali wa mbuni, zao lililoujengea mji wa Ruiru jina.

Ukubwa wake

Bukini ina eneo la takriban kilomita mraba 587,000. Kwa maneno mengine, kisiwa hicho ni kikubwa kuliko Kenya nzima, ingawa kwa kiasi kidogo. Ni cha nne kwa ukubwa duniani, baada ya Greenland, New Guinea na Borneo. Miongoni mwa mataifa yaliyo visiwani, ni Indonesia pekee inayoizidi kwa ukubwa.

Bahari inayoitenganisha na Msumbiji ina upana wa kilomita 400 hivi panapokaribiana zaidi. Saa za Antananarivo, mji mkuu, ni zilezile za Nairobi. Idadi ya watu ilikuwa milioni 25.7 katika sensa ya 2018, na sasa inakadiriwa kuwa zaidi ya milioni 30.

Wataalamu wa miamba wanasema ardhi hiyo ilibanduka kutoka Afrika yapata miaka milioni 165 iliyopita ikiwa imeshikamana na India, kisha ikaachana na India yapata miaka milioni 88 iliyopita. Tangu hapo imekaa peke yake baharini, na upweke huo ndio chanzo cha maajabu yake mengi.

Lugha iliyotoka Borneo

Mtu akitazama ramani atadhani wakazi wa kwanza wa Bukini walivuka kutoka bara la Afrika lililo jirani. Lugha yao inasimulia kisa kingine. Kimalagasi, lugha ya taifa zima, si ya jamii ya Kibantu. Ni ya jamii moja na lugha za Indonesia, Malaysia na Ufilipino, na ndugu yake wa karibu zaidi ni Kimaanyan, kinachozungumzwa katika bonde la mto Barito kusini mwa kisiwa cha Borneo. Kutoka huko hadi Bukini ni zaidi ya kilomita 7,000 za maji.

Ushahidi uko katika maneno ya kila siku. Mbili kwa Kiindonesia ni dua, kwa Kimalagasi roa. Nne ni empat na efatra. Tano ni lima na dimy. Sita ni enam na enina. Mbingu huitwa langit kule na lanitra huku, nalo jiwe ni batu na vato.

Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2012 ulikadiria kwamba wanawake wapatao 30 tu wenye asili ya visiwa vya Indonesia ndio waliokuwa chimbuko la jamii hiyo, yapata miaka 1,200 iliyopita. Namna walivyovuka bahari kubwa kiasi hicho ingali inajadiliwa na wanahistoria. Kilicho wazi ni kwamba hawakukaa peke yao: damu ya Wamalagasi wa leo imechanganyika, sehemu kubwa ikitoka Asia na sehemu kubwa ikitoka Afrika.

Mifugo yenye majina ya Kibantu

Hapa ndipo msomaji wa Kiswahili anapojikuta nyumbani. Wamalagasi walihesabu kwa lugha ya Borneo, lakini walipohitaji majina ya wanyama wa kufugwa waliyachukua kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Ng'ombe kwa Kimalagasi ni omby. Kondoo ni ondry, mbuzi ni osy, kuku ni akoho, punda ni ampondra, na yule ndege kanga ni akanga. Mbwa huitwa amboa katika baadhi ya lahaja.

Wataalamu wa lugha wanatafsiri jambo hilo kwa urahisi. Mgeni hukopa jina pamoja na kitu chenyewe. Wanyama hao walivushwa na watu waliozungumza lugha za jamii ya Kiswahili na Kingazija, wakaenda na majina yao. Timu ya taifa iliyoitoa Kenya jasho inaitwa Barea, jina la aina ya ng'ombe mwenye nundu. Naye ng'ombe huyo asili yake kisiwani ni mali iliyovushwa kutoka upande wa pili wa bahari.

Hata siku za wiki zinafanana kwa kuwa lugha zote mbili zilipitiwa na Kiarabu. Alhamisi ya Mswahili ni alakamisy ya Mmalagasi.

Waswahili wa upande wa pili

Kaskazini-magharibi mwa kisiwa kulikuwa na miji ya biashara iliyofanana na Lamu, Gedi na Kilwa. Mmojawapo ni Mahilaka, uliostawi kati ya karne ya 10 na ya 14. Wafanyabiashara Waislamu wa pwani hiyo, walioitwa Antalaotra, yaani watu wa baharini, walizungumza lugha ya Waswahili na kusafirisha watumwa, mchele na bidhaa nyingine kwa majahazi. Vyombo vya mawe laini vilivyochongwa Bukini vimefukuliwa na wanaakiolojia katika magofu ya Kilwa, kusini mwa Tanzania.

Kusini-mashariki, jamii ya Waantemoro iliandika Kimalagasi kwa hati za Kiarabu, kama vile Waswahili walivyoandika tenzi zao. Maandishi hayo huitwa sorabe. Nako Mayotte, katika visiwa vya Komoro, kungali na watu wanaozungumza lahaja ya Kimalagasi, nayo huitwa Kibushi, jina lenye asili moja na Bukini.

Ujirani huo haukuwa wa heri daima. Kuanzia mwisho wa karne ya 18 hadi mwanzoni mwa karne ya 19, makundi ya wapiganaji kutoka Bukini yalivuka bahari kwa mitumbwi na kuteka watu katika visiwa vya Komoro na pwani ya bara. Mji wa Kua, katika kisiwa cha Juani karibu na Mafia, ulikuwa miongoni mwa waathiriwa. Katika miaka ya 1830, Sayyid Said wa Zanzibar alijaribu njia ya amani: alimposa Malkia Ranavalona I aliyetawala kutoka Antananarivo. Ndoa hiyo haikufungwa.

Ilivyobadilishwa kwa Zanzibar

Wanafunzi wa historia nchini hufundishwa jinsi Uingereza na Ujerumani zilivyogawana Afrika Mashariki. Sura moja husahaulika. Mnamo Agosti 5, 1890, Uingereza ilikubali Ufaransa iwe mlinzi wa Bukini, nayo Ufaransa ikakubali Uingereza iwe mlinzi wa Zanzibar. Visiwa viwili vyenye wafalme wao vilibadilishwa mezani kama magunia ya karafuu.

Ufaransa iliinyakua Bukini kuwa koloni mwaka 1896. Malkia wa mwisho, Ranavalona III, alihamishwa mwaka 1897 na hakurudi tena akiwa hai. Alifariki Algiers mwaka 1917. Wananchi waliasi Machi 29, 1947, na uasi huo ukazimwa kwa umwagaji mkubwa wa damu. Uhuru ulipatikana Juni 26, 1960.

Kati ya matukio hayo, vijana wa Afrika Mashariki walifika Bukini wakiwa na bunduki. Mnamo Mei 5, 1942, katika Vita Vikuu vya Pili, majeshi ya Uingereza yalishuka kaskazini mwa kisiwa ili kuzuia bandari zake zisitumiwe na Japani. Kikosi cha 22 cha Afrika Mashariki, kilichokuwa na askari wa KAR kutoka Kenya, Tanganyika na Nyasaland, kilishiriki katika mapigano ya Septemba mwaka huo kutoka bandari ya Majunga kuelekea Antananarivo. Mji mkuu ulitekwa Septemba 23, na Wafaransa wa serikali ya Vichy wakasalimu amri mwanzoni mwa Novemba.

Hakuna simba wala twiga

Mtalii akienda Bukini kutafuta simba, ndovu, twiga au pundamilia atarudi mikono mitupu. Wanyama hao hawakuwahi kuvuka. Mamalia mla nyama mkubwa kabisa wa huko ni fosa, mnyama wa ukoo wa nguchiro anayefanana na paka mrefu.

Badala yake kuna lemuri, ndugu wa mbali wa komba wetu. Jamii zaidi ya 100 za lemuri zipo, na zote asili yake ni kisiwa hicho. Karibu nusu ya jamii zote za vinyonga duniani zimo humo. Kati ya jamii nane za mibuyu zinazotambuliwa kwa kawaida, sita hazipatikani kwingineko, huku bara zima la Afrika likiwa na moja tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kuwa mibuyu yote asili yake ni Bukini.

Aliwahi kuishi huko ndege asiyeruka, mwenye kimo cha mita tatu, ambaye yai lake moja lingejaza mayai zaidi ya 100 ya kuku. Viboko wadogo waliishi huko pia. Wote walitoweka katika kipindi cha miaka elfu moja hivi iliyopita, baada ya binadamu kuingia na kuongezeka.

Wali wa Bukini kupitia Juja

Mmalagasi hula wali asubuhi, mchana na jioni, kama ambavyo jamii nyingine hula ugali. Mnamo 1983 padri Mjesuti kutoka Ufaransa, Henri de Laulanié, aliyefanya kazi na wakulima wa nyanda za juu za kisiwa hicho, alikamilisha mbinu mpya ya kukuza mpunga. Miche hupandwa ikiwa bado michanga, mmoja mmoja badala ya kwa mafungu, kwa nafasi ya sentimita 25 hivi. Shamba halifurikishwi maji wakati wote. Hulowekwa, likaachwa likauke kidogo, kisha likalowekwa tena.

Mantiki yake ni nyepesi. Mizizi ya mpunga huhitaji hewa. Mche uliopewa nafasi na hewa hutoa machipukizi mengi, na mkulima hutumia mbegu chache na maji machache.

Mbinu hiyo, ambayo Tanzania huitwa kilimo shadidi, ilianza kujaribiwa katika mashamba ya Mwea, kaunti ya Kirinyaga, mwaka 2009. Aliyeongoza kazi hiyo ni Profesa Bancy Mati wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT), kilichoko Juja, katikati ya Thika na Ruiru. Kwa nchi inayoagiza kutoka ng'ambo sehemu kubwa ya mchele inaoula, na ambayo wakulima wake wa Mwea hugombea maji kila msimu, hilo si jambo dogo.

Kahawa ya Ruiru na ndugu zake wa msituni

Jina la Ruiru linajulikana na wakulima wa kahawa duniani kwa sababu ya aina iliyozalishwa katika kituo cha utafiti cha mji huo. Ruiru 11 ilitolewa kwa wakulima mwaka 1985, baada ya ugonjwa wa chulebuni kuangamiza mazao katika miaka ya 1960. Ni mbuni mfupi unaostahimili chulebuni pamoja na kutu ya majani.

Nguvu hiyo haikutoka hewani. Sehemu yake ilitoka kwa mbuni wa ajabu uliopatikana katika kisiwa cha Timor, kusini-mashariki mwa Asia, ambako arabika na robusta zilikuwa zimechanganyika zenyewe bila kusaidiwa na mtu. Sehemu nyingine ilitoka kwa mbuni wa porini wa Sudan. Hivyo basi, mti wa porini usio na bei sokoni ndio uliomwokoa mkulima wa Kiambu.

Sasa zingatia takwimu hizi. Duniani kuna jamii 130 hivi za mibuni. Kenya hutegemea zaidi moja, arabika. Karibu nusu ya jamii zote zinapatikana Bukini, na nyingi za huko hazina kafeini, au zinayo kidogo mno. Mwaka 2019 watafiti wa bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, walitangaza kwamba asilimia 60 ya jamii za mibuni ya porini duniani zimo katika hatari ya kutoweka.

Wamalagasi wanayo hifadhi ya mibuni hai huko Kianjavato, iliyoanzishwa katika miaka ya 1960. Lakini msitu wenyewe unazidi kupungua kwa kukatwa kuni na makaa, na kwa kuchomwa ili kupata mashamba ya mpunga. Kahawa ya Ruiru nayo imekabiliwa na shoka la aina nyingine: mashamba makubwa yamegeuzwa mitaa ya makazi, Tatu City ikiwa mfano unaoonekana na kila msafiri. Ugonjwa mpya ukizuka kesho, mtafiti wa Ruiru atahitaji mbegu za porini za kufanyia kazi. Zilizokwisha kuungua hazitamfaa.

Ua moja, siku moja

Kama Thika inavyotambulishwa na mananasi, ndivyo pwani ya kaskazini-mashariki mwa Bukini inavyotambulishwa na vanila. Kisiwa hicho hutoa takriban asilimia 80 ya vanila ya dunia. Ajabu ni kwamba mmea huo asili yake ni Mexico, na mbali na kwao hauzai matunda pasipo kusaidiwa na mtu.

Aliyegundua njia nyepesi ya kuusaidia alikuwa Edmond Albius, mtumwa wa miaka 12 katika kisiwa jirani cha Réunion, mwaka 1841. Kwa kijiti chembamba na kidole gumba aliunganisha sehemu ya kiume na ya kike ya ua. Wakulima wa Bukini hutumia njia hiyohiyo hadi leo, ua moja baada ya jingine, na kila ua hufunguka kwa siku moja tu. Wafanyakazi wa kituo cha Ruiru wataielewa kazi hiyo vyema, maadamu mbegu za Ruiru 11 nazo hupatikana kwa kuchavusha maua kwa mkono.

Bei ya vanila ilipita dola 500 kwa kilo mwaka 2018, wakulima wakalazimika kulala mashambani kuwalinda wezi wasivune usiku. Baadaye iliporomoka, na walioumia zaidi ni walewale wakulima.

Dawa uani

Ule mti mpana wenye maua mekundu kama moto, unaopandwa kando ya barabara na katika viwanja vya shule nchini kote, asili yake ni misitu mikavu ya Bukini. Vilevile kile kiua cha waridi au cheupe, chenye petali tano, kinachostahimili jua katika bustani nyingi za mijini.

Kiua hicho kina kazi kubwa kuliko urembo. Katika miaka ya 1950 wanasayansi waligundua ndani yake kemikali zilizozaa dawa mbili za saratani, vinblastine na vincristine. Dawa ya pili ni nguzo ya matibabu ya saratani ya damu kwa watoto, ugonjwa ambao kabla ya dawa hizo ulikuwa kama hukumu ya kifo.

Utajiri na ufukara

Taifa lenye hazina kama hizo lilitarajiwa kuneemeka. Hali ni kinyume. Takriban robo tatu ya wananchi ni maskini kwa vipimo vya Benki ya Dunia, na ni kama theluthi moja tu walio na umeme. Kimbunga Batsirai kiliua zaidi ya watu 100 Februari 2022, mwaka mmoja tu baada ya ukame kuwatesa kwa njaa wakazi wa kusini.

Mnamo Septemba 25, 2025, vijana wa Antananarivo waliingia barabarani kulalamikia ukosefu wa maji na umeme. Walijiita Gen Z, kama wenzao wa Kenya walioandamana Juni 2024 kupinga mswada wa fedha. Umoja wa Mataifa ulisema watu wasiopungua 22 waliuawa katika siku za mwanzo, idadi ambayo serikali iliikanusha. Kikosi kimoja cha jeshi kilijiunga na waandamanaji, Rais Andry Rajoelina akatoroka nchi, na Oktoba 17 Kanali Michael Randrianirina akaapishwa kuwa kiongozi. Umoja wa Afrika ulikuwa umekwisha kuisimamisha Bukini uanachama.

Kwa Wakenya, msukosuko huo si habari ya mbali. Ng'ombe wa kule wanaitwa kwa jina letu, askari wetu walizikwa katika udongo wake, na kilimo chake kinastawisha mpunga wa Mwea. Mpaka wa maji haujawahi kuzuia kitu chochote cha maana kuvuka. Msitu wa Bukini ukiteketea, hasara itahesabiwa Antananarivo kwanza, kisha katika wodi za watoto wenye saratani na katika mashamba ya kahawa ya Ruiru.